Hodi ya Kumi na Moja

Saa tisa usiku, Hull. Mvua ya hapa
haianguki, inatembea kwa ubavu
na kusugua kioo cha jikoni.
Nimetoka zamu kiwanda cha karavani,
gundi bado imeng'ang'ania kucha,
na nimekaa mbele ya kidirisha cheusi
nikiipigia hodi seva yangu mwenyewe.

Ni kompyuta kuukuu, inaishi chini ya ngazi
kati ya mashine ya kufyonza vumbi na mabuti ya Nayfat.
Ndani yake nimehamishia kaseti zote,
sitini na tatu, moja baada ya moja,
na kaseti haijui haraka:
harusi ya dakika tisini
huhama kwa dakika tisini.

Amri zake ni fupi. Unaandika swali,
unaweka alama ya kuuliza mwishoni,
unalituma mlango nambari tisini tisini.
Sauti iko ngapi?
Wimbo gani unapigwa?
Kimya.
Kishale kinarudi pale pale, kinapepesa
kama mdaiwa anayetazama pembeni.

Nikakagua anwani. Sawa.
Nikaulegeza ukuta-kinga. Sawa.
Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka
(najua haupulizwi; mkono una dini yake).
Nikatuma ping, ikaenda, ikarudi, milisekunde mbili:
yumo, basi. Yumo ndani na haitiki.

Kwetu Tanga hodi ni tatu.
Ya tatu isipoitikiwa, unageuza viatu.
Mimi nilipiga kumi na moja,
na za mwisho, kwa hasira, hazikuwa hodi tena:
ongeza sauti tano.
Kimya.
Ongeza tano. Ongeza. Ongeza, nimesema.

Ndipo huko juu, spika ya chumbani kwa Nayfat,
harusi ya Zuhra ikapasua dari,
vigelegele vya mwaka tisini na nne,
shangazi mmoja karibu mno na maikrofoni,
mtoto akalia, na nyuma ya ukuta
Bi Maureen akagonga kwa ufagio,
naye hakungoja kuambiwa karibu.

Nilipokwisha kuzima kwa mkono
na kuuomba ukuta radhi kwa Kiingereza,
nikafungua kumbukumbu za seva.
Zote kumi na moja zimeandikwa,
kila moja na saa yake, kila moja na jibu lake.
Ilikuwa inajibu.
Kijiprogramu changu ndicho kilichokuwa
kinatupa swali na kukata papo hapo,
kishafika njiani
wakati karibu inatoka ukumbini.

Nikaongeza herufi moja na tarakimu moja:
ngoja, sekunde tano.
Nikauliza upya.
Moja. Mbili.
Sikujua tano ni nyingi hivi.
Likaja, limevaa nambari:

Harusi%20ya%20Zuhra%20Upande%20B

Mashine hii haivumilii nafasi tupu;
kila penye pengo hupachika asilimia ishirini.
Nikalisoma kwa sauti, polepole, kama juzuu:
Harusi asilimia ishirini ya asilimia ishirini Zuhra

"Unaongea na nani?"
Shufaa, katikati ya ngazi, sweta langu juu ya gauni la kulalia,
Nayfat begani, macho makavu sasa.
"Na seva. Imejibu."
"Heko." Akapiga miayo.
"Na Zuhra pia amejibu, tangu Ijumaa.
Ulimuuliza mguu unaendeleaje, ukatia simu mfukoni.
Kaniuliza mimi kama uko hai."

Tanga sasa ni saa kumi na mbili asubuhi,
birika liko motoni.
Nikatafuta simu ndani ya koti la kazi, ina gundi kiooni.
Meseji tatu. Ya kwanza ndefu. Ya pili picha ya bandeji.
Ya tatu: alama ya kuuliza, basi.

Nikaandika: bado mguu unauma?
Nikatuma.
Simu sikuiweka chini.
Moja.
Mbili.